Mnapodai TIFF, semeni ni TIFF ipi

Mhariri,

Tangazo lenu la kuomba picha kutoka kwa wasomaji linataka picha za kamera zisiletwe zikiwa ghafi (RAW, yaani data ya sensa kabla haijasafishwa), bali zigeuzwe kwanza kuwa TIFF, umbo la faili la kuhifadhia picha. Ombi hilo ni la haki, maana programu ya kupangia kurasa haina kazi na faili ghafi. Tatizo ni kwamba tangazo limeishia hapo. Kusema "leteni TIFF" ni sawa na kumtuma mtoto dukani alete unga bila kumwambia kama ni wa sembe, dona au ngano. Atarudi na unga, na chapati hazitapikika.

TIFF ni ya siku nyingi. Kampuni ya Aldus ya Marekani iliitoa mwaka 1986, wakati shida kubwa ilikuwa kuhifadhi picha zinazotoka kwenye skana. Toleo la 6.0 lilitoka 1992, miaka miwili kabla Aldus haijamezwa na Adobe, na hilo ndilo linalotumika hadi leo. Ndani ya faili yenye jina moja la mwisho, .tif, panaweza kukaa picha ya nyeusi na nyeupe, ya RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani na bluu) au ya CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia), ya biti 8, 16 au 32, iliyobanwa au isiyobanwa, yenye ukurasa mmoja au kumi. Kiwango chenyewe kinailazimisha programu isome sehemu ya msingi tu, na CMYK pamoja na ubanaji wa LZW (njia ya kupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza kitu) havimo katika msingi huo. Ndiyo maana picha inayofunguka vizuri kwenye kompyuta ya mpigapicha inaweza kufunguka nyeusi tii kwenye ile ya mpangaji kurasa, kisha kila mmoja akamlaumu mwenziwe.

Tuanze na njia ya mkato inayowaponza wengi: kubadilisha jina. Mtu ana DSC_0412.NEF, anafuta NEF, anaandika TIF, anatuma. Cha ajabu, mara nyingi faili hufunguka, na hapo ndipo mtego ulipo. NEF ya Nikon, CR2 ya Canon, ARW ya Sony na DNG ya Adobe zote zimejengwa juu ya mifupa ya TIFF. Ukiifungua CR2 kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, utakuta inaanza na herufi II, kisha namba 42, kama TIFF nyingine yoyote. Baiti chache mbele ndipo inapojitambulisha kwa herufi CR. Programu ya picha isiyojua undani huo husoma kinachotangulia, na katika NEF kinachotangulia kwa kawaida ni kijipicha cha pikseli 160 kwa 120. Kwa pikseli 200 kwa inchi, hicho kinatoa picha ya upana wa sentimita 2 gazetini. Mpangaji kurasa akikivuta kijaze safu tatu, sura ya mtu inageuka vigae vya bafuni. CR3, ambayo Canon walianza kuitumia mwaka 2018, haina undugu huo kabisa: mpangilio wake ni wa jamii ya faili za video za MP4, na ukiibadilisha jina haifunguki. Afadhali hiyo, haidanganyi mtu.

Kugeuza kwenyewe ni kusafisha picha, kwa maana ileile ya enzi za filamu. Sensa ya megapikseli 24 ina vijicho milioni 24, na kila kijicho kimepima rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, kwa mpangilio uliopewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak. Rangi mbili zilizobaki programu huzikisia kutoka kwa majirani. Kamera nyingi kubwa hupima kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 kutoka giza hadi mwanga. TIFF ya biti 8 ina ngazi 256. Kwa hiyo maamuzi mazito, yaani mizani ya weupe, mwangaza na kuokoa sehemu zilizoungua, yafanywe kabla ya kushuka kwenye zile 256. Anayegeuza kwanza ndipo arekebishe amekata kitambaa kabla ya kupima.

Programu za bure zinatosha. RawTherapee na darktable zina madirisha na vitelezi. Kwa anayeweza kuandika amri, ipo dcraw ya Dave Coffin, iliyoanza 1997. Toleo lake la mwisho, 9.28, ni la mwaka 2018, hivyo kamera za baada ya hapo haizijui, na CR3 haiisomi. Mwenye kamera mpya atumie matoleo ya karibuni ya zile mbili za kwanza, au apitishe faili zake kwenye kigeuzi cha DNG cha Adobe, ambacho hakilipiwi. Hapa tunaeleza kwa dcraw kwa sababu amri yake huweka kila uamuzi mezani, ilhali vitelezi huficha. Hamisha faili kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski, usifanyie kazi juu ya kadi, kisha andika:

dcraw -v -w -W -H 2 -q 3 -o 1 -6 -T DSC_0412.NEF

Itatoka DSC_0412.tiff, na faili ghafi itabaki ilivyokuwa. Herufi -T ndiyo inayodai TIFF. Ukiisahau utapata PPM, umbo jingine la kizamani ambalo chumba cha habari hakitaki hata kulisikia. Herufi -6 inaomba biti 16, -o 1 inaweka rangi katika sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi za skrini), na -q 3 inachagua njia bora zaidi ya kukisia rangi zilizokosekana. Herufi -w ndogo inachukua mizani ya weupe iliyowekwa na kamera. Bila hiyo dcraw huichukulia kila picha kama imepigwa mchana, na harusi ya ukumbini chini ya taa itatoka njano kama imepakwa liwa. Usiichanganye na -W kubwa. Hiyo inaizuia programu kujiongezea mwangaza. Isipozuiwa, hupandisha mwanga mpaka takriban asilimia 1 ya pikseli ziwe nyeupe kabisa, tena kila picha kivyake, na picha kumi za tukio moja zinatoka kila moja na jua lake. Ukiweka -W picha nyingi zitakuja na giza kidogo. Ongeza -b 1.4 au namba inayofaa, na uitumie namba hiyohiyo kwa mfululizo mzima.

Kwenye -H inafaa kukaa kidogo, maana hapo ndipo picha za kwetu huharibikia. Chukua swala ya Idi uwanjani, safu za kanzu nyeupe zikipigwa na jua la asubuhi. Begani, kijani hufika kikomo cha sensa kabla ya nyekundu na bluu. Programu inapozizidisha nyekundu na bluu ili weupe usawazike, kijani kilichogota hakiwezi kuzifuata, na kanzu inapata wekundu wa waridi. Hivyo ndivyo -H 1 inavyokuachia. Usipoandika kitu, dcraw hutumia -H 0, ambayo hukata rangi zote tatu kwenye kikomo kimoja: waridi unaondoka, lakini mikunjo ya nguo nayo inaondoka, bega linabaki karatasi tupu. -H 2 huchanganya kilichokatwa na kisichokatwa, na sehemu kubwa ya mikunjo hurudi bila ule waridi. -H 3 hadi 9 hujaribu kujenga upya kilichopotea, na si kila mara hupatia. Jaribu kwenye picha moja kabla ya kuiachia folda nzima. Mahali ambapo rangi zote tatu zimegota hapana amri itakayoparudisha. Huko ni kupunguza mwanga siku ya kupiga.

Upande wa pili ni vivuli, na hapa lawama nyingi huenda kwa mashine ya kuchapa isivyo haki. Karatasi ya gazeti hunywa wino. Katika profaili (faili inayoeleza namna mtambo na karatasi vinavyotoa rangi) ya ISOnewspaper26v4, ambayo magazeti mengi duniani yameitumia, ile 26 kwenye jina ni asilimia ya kuvimba kwa doti, na jumla ya wino wote mahali pamoja imewekewa kikomo cha asilimia 240. Sura za watu wetu, ambazo nyingi zipo chini ya katikati ya mwangaza, ndizo zinazoumia kwanza. Kwenye skrini shavu lina mng'ao na kivuli chake. Gazetini linakuwa doa moja, na macho yanabaki yanaelea. Dawa ni kuinua toni za kati wakati picha ingali ghafi, au angalau ingali biti 16, mpaka ionekane imepauka kidogo kwenye skrini. Ukiinua baada ya kushuka biti 8, ngazi chache zilizobaki kwenye giza zinatanuka na shavu linapata mistari kama ramani ya milima. Na mtu asijaribu kuokoa weusi kwa kumwaga rangi zote nne: wino unaopita kikomo haukauki kwa wakati, unahamia kwenye ukurasa unaoukabili.

Sasa ukubwa. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikiwa RGB ya biti 16 ni baiti milioni 144, kwa sababu kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi baiti mbili. Ikishushwa biti 8 inakuwa milioni 72. Ikigeuzwa CMYK ya biti 8 inapanda hadi milioni 96. Hakuna gazeti linalohitaji hizo. Picha ya upana wa sentimita 24 kwa pikseli 200 kwa inchi inataka pikseli 1,890, na kimo cha sentimita 16 kinataka 1,260. Katika CMYK hiyo ni megabaiti tisa na nusu. Mia mbili si namba ya kubahatisha: skrini ya gazeti, yaani safu za doti zinazojenga picha iliyochapwa, huwa na mistari 85 hadi 100 kwa inchi, na kanuni ya mafundi ni pikseli mbili kwa kila mstari. Zaidi ya hapo ni kuunguza bando.

Wengi hukimbilia kubana faili kubwa kwa LZW, kisha wakashangaa imenenepa. Kwa biti 16 hilo ni la kawaida. LZW hutafuta mfuatano unaojirudia, na baiti ya chini ya kila thamani ya biti 16 imejaa chenga za sensa zisizojirudia hata kidogo. LZW ina maana kwa biti 8. Ubanaji wa Deflate, ambao programu nyingine huuita ZIP, hubana vizuri zaidi, lakini mitambo mikongwe ya kutengenezea pleti haiusomi. Uwe wa kumbukumbu zako mwenyewe. Ubanaji wa JPEG ndani ya TIFF tunashauri uachwe kabisa: namna ulivyoandikwa katika toleo la 6.0 ulikuwa na kasoro, ukarekebishwa 1995, na hadi leo programu hazielewani juu yake. Kwa wenye programu za bure za miaka ya tisini zinazoikataa LZW, sababu ni hataza ya Unisys, iliyokwisha Marekani 2003 na kwingineko 2004.

Hatua ya kushusha toka biti 16 hadi faili ya kuchapa inafanywa na ImageMagick, programu ya bure ya kushughulikia picha kwa amri, kwa mstari mmoja. Kwa gazeti linalotaka RGB:

magick DSC_0412.tiff -resize 1890x -unsharp 0x0.8 -alpha off -depth 8 -units PixelsPerInch -density 200 -compress LZW DSC_0412_tayari.tif

Ile -unsharp huongeza ukali, na inakuja baada ya kupunguza ukubwa, si kabla. Picha ya gazeti huvumilia ukali ambao kwenye skrini ungeuona umezidi. Ile -alpha off hufuta chaneli ya ziada ya uwazi. Chaneli hiyo haionekani kwa macho, lakini mtambo mkongwe ukikuta chaneli nne palipotarajiwa tatu, unaweza kuidhani picha ni CMYK au kuikataa moja kwa moja. Aliyepitia Photoshop afunge matabaka yote kabla ya kuhifadhi, na TIFF ya biti 32 asiitume kokote.

Gazeti likitaka CMYK, kabla ya -depth ongeza maneno haya: -intent relative -black-point-compensation -profile gazeti.icc, ambapo gazeti.icc ni faili ya profaili ya mtambo wenu. Hapa tunasema wazi: msomaji asigeuze kuwa CMYK bila profaili hiyo. CMYK iliyotengenezwa kwa karatasi laini ya majarida hubeba jumla ya wino ya asilimia 300 na zaidi, na ikishafika kwenu haina njia safi ya kurudi. RGB yenye profaili yake ndani inaweza kugeuzwa kwa mtambo wowote, leo au mwaka ujao mtakapobadilisha mchapaji. Jambo la kuangalia ni kwamba profaili kweli imo ndani. Picha ya Adobe RGB (kipimo cha rangi kipana kuliko sRGB) iliyopoteza profaili husomwa kama sRGB, na kitenge chekundu kinatoka kama kimefuliwa mara hamsini.

Maelezo ya picha nayo yana balaa lake. dcraw hubeba machache sana ya kumbukumbu za kamera, na maelezo uliyoandika kwenye darktable hukaa katika faili ya pembeni yenye mwisho .xmp ambayo dcraw haiisomi. Mtu anatuma picha nzuri isiyo na jina la mtu, mahali wala tarehe. Rudisha kumbukumbu kwa exiftool, programu ya kusoma na kuandika kumbukumbu za picha, mwishoni kabisa, baada ya picha kuwa tayari:

exiftool -TagsFromFile DSC_0412.NEF -exif:all --Orientation --ColorSpace --gps:all DSC_0412_tayari.tif

Alama mbili za kistari maana yake ni "usichukue". Mwelekeo usichukuliwe kwa sababu dcraw imekwisha kuigeuza picha ya wima. Ukinakili na agizo la kugeuza, itageuzwa mara ya pili na bibi harusi atalala ubavu. Mahali pa setilaiti (GPS) pasichukuliwe pale ambapo picha inaweza kumweka mtu hatarini, na kwa gazeti ni heri iwe desturi. Maelezo yenyewe yaandikwe ndani ya faili kwa sehemu ya IPTC, yaani nafasi ya maelezo inayotumiwa na vyombo vya habari, na hapa Kiswahili kina mtego wake: kile kitone cha ng'. IPTC ni ya zamani kuliko UTF-8, mfumo wa leo wa kuandika herufi kwenye kompyuta, na usipoitangazia ndani ya faili kwamba herufi ni UTF-8, kitone kilichopinda kinasambaratika na "ng'ombe" anafika mezani kwenu kama "ngâ€™ombe". Ongeza -codedcharacterset=utf8 unapoandika maelezo, au tumia kitone kilichonyooka tu.

Kabla ya kutuma, kagua:

exiftool -ImageSize -BitsPerSample -SamplesPerPixel -Compression -PhotometricInterpretation -ProfileDescription DSC_0412_tayari.tif

Kwa RGB sahihi utaona biti 8 mara tatu na chaneli 3. Kwa CMYK, 8 mara nne na chaneli 4. Ukiona 160x120, rudi kwenye aya ya kubadilisha jina. Na kwenye WhatsApp faili itumwe kama hati. Ikitumwa kama picha inageuzwa JPEG ndogo na kuvuliwa kumbukumbu zote, na kazi yote ya juu imekwenda na maji.

Tukubali pia upande wa pili. Kwa karatasi ya gazeti, JPEG ya ubora wa juu iliyohifadhiwa mara moja tu haitofautiani na TIFF kwa macho ya msomaji. TIFF inashinda pale picha inapofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa tena na tena na watu watatu kabla ya kwenda mtamboni, maana JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya. Kama chumba chenu cha picha kinafanya kazi hivyo, endeleeni kudai TIFF. Ila tangazo lisomeke hivi: "TIFF ya RGB, biti 8, profaili ya sRGB ndani, bila matabaka wala chaneli ya ziada, isiyobanwa au ya LZW, upana usiopungua pikseli 1,890, maelezo ndani ya faili. Mpigapicha abaki na faili ghafi." Na kama kweli mnahitaji CMYK, wekeni profaili ya mtambo wenu mahali ambapo msomaji anaweza kuipakua, pamoja na kikomo chenu cha wino.

Mafundi wa picha na matayarisho ya uchapaji,
Dar es Salaam